Nani mkubwa hapa? Shajara ya mradi wa Bonde la Yaeda

3 Juni, Dar es Salaam

Kibali cha utafiti kimetoka. Faili lilikaa wiki sita kwenye meza moja, nisiyoitaja, kwa sababu ya maneno mawili kwenye kichwa cha andiko: "wenyeji asilia". Ofisa aliniita, akanikaribisha kiti, akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, wewe kwenu wapi? Mimi kwetu Tukuyu. Sasa sisi wengine ni wageni?"

Nilitabasamu, lakini swali lina uzito wake. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo tarehe 13 Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili kwa kura 144. Ibara ya 4 inasema watu hao wana haki ya kujitawala katika mambo yao ya ndani. Ukirudi nyumbani, msimamo ni kwamba sote ni wa asili, hakuna kabila lenye asili kuliko jingine. Nchi iliyofuta machifu mwaka 1963 ili pasiwe na serikali ndani ya serikali haiwezi kulipokea neno hilo kirahisi, na mimi siwalaumu sana. Nimebadilisha kichwa: "jamii za wawindaji na waokotaji". Cha ajabu, "kujitawala" limepita bila swali. Pengine kwa kuwa Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inazungumzia kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mradi kwa ufupi: Wahadzabe, wawindaji na waokotaji wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, kaskazini mwa nchi, ni kati ya watu 1,000 na 1,500 hivi. Mwaka 2011 wale wa Mongo wa Mono, wilayani Mbulu, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja juu ya eneo la takriban hekta 20,000. Nataka kujua uamuzi kuhusu ardhi ya namna hiyo unafanywaje siku kwa siku. Dodoso lina maswali 34. Swali la 7: "Nani kiongozi wa kambi hii?"

Vijiji nitakavyokaa sitavitaja, wala majina ya watu. Nilichokiweka hapa kwa jina ni kile tu kinachojulikana hadharani.

14 Juni

Tumeshuka bondeni. Gari la kukodi limetushusha mchana, vumbi hadi kwenye kope. Tuko watatu: mimi, msaidizi wangu, na kijana Mhadzabe aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mkalimani. Yeye anazungumza Kihadzabe, Kiswahili, Kidatoga, na Kiiraqw cha kununulia. Mimi nina Kiswahili na shahada.

Tumesaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji. Niliangalia muhuri wake kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, hachaguliwi na wanakijiji, ila ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji na ndiye mtunza muhuri. Mwenyekiti anachaguliwa na hana mshahara. Anayegonga muhuri ameletwa, na aliyechaguliwa anakwenda kuuomba. Nimeandika hilo pembeni kwa wino mwekundu.

19 Juni

Kambi ya kwanza. Watu kama 25, vibanda vya nyasi saba. Kambi inaitwa kwa jina la mzee mmoja, kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika jina lake kwenye swali la 7 hata kabla ya kuuliza. Nikamwendea yeye kwanza, nikampa shikamoo yake, nikaomba ruhusa ya kuzungumza na watu wake.

Mkalimani alikwama. Wakajibizana kidogo, kukawa na kicheko.

"Anasema, watu wake ni akina nani?"

"Hawa wa kambi hii."

"Anasema hawa si wake. Anasema ukitaka kuzungumza na yule mama pale, mwulize yule mama."

Nikauliza kwa nini basi kambi inaitwa kwa jina lake. Akajibu kwamba watu wakitaka kusema mahali, lazima waseme kitu. Kuna mwamba, kuna mbuyu, kuna yeye. Yeye amekaa hapa muda mrefu.

Nimeuliza swali la 7 kwa watu wazima tisa. Wanne walitaja mwenyekiti wa kijiji, maana wanajua wageni wanataka kusikia nini. Mmoja alitaja Rais. Wawili walisema hakuna. Mama mmoja akaniuliza kama nina njaa. Wa tisa aliondoka.

20 Juni

Msaidizi anapendekeza tuandike swali la 7 upya: "Mkiwa na tatizo, mnamwendea nani?" Tumelijaribu. Majibu: "Tatizo gani?" Haki yao kuuliza.

26 Juni

Nimeacha dodoso begini kwa siku tano na kukaa tu. Wiki hii ndiyo iliyonifunza zaidi, nami nitaieleza kwa urefu.

Wanaume wanacheza lukuchuko karibu kila mchana. Kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti chenye pande mbili, upande wa magamba na upande laini, na kuna kipande kimoja kikubwa cha wote. Mmoja anavirusha vyote kwenye shina la mti, vinadunda na kuanguka. Kipande kilicholala upande uleule na kile kikubwa, kikiwa peke yake, mwenyewe ameshinda. Wanachezea mishale ya sumu, visu, viko, nguo, shanga. Upinde hauchezewi, wala mishale ya mti isiyo na sumu, wala mfuko wa ngozi. Yaani kile ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho hakiingii mchezoni, na kila kingine kinazunguka. Nimefuatilia kisu kimoja chenye mpini uliofungwa waya wa shaba: kwa siku tano kimekaa viunoni mwa watu wanne.

Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliliona hili na mwaka 1982 akalijengea hoja. Kwamba usawa wa watu hawa si umaskini uliokosa wakubwa, ni kitu kinachofanyiwa kazi kila siku. Mchezo unachukua mali mkononi mwa aliye nayo. Nyama ya mnyama mkubwa inagawanywa, na aliyemwua hana mamlaka ya kupanga nani ale. Kila mwanamume ana upinde na mishale ya sumu, kwa hiyo hakuna anayeweza kumtishia mwenzake akalala usingizi. Na la mwisho, ndilo ninaloliona hapa kwa macho: mkigombana, unahama. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna faini. Kesho asubuhi kibanda kimoja ni kitupu na jivu limepoa.

Hapo ndipo nilipoona upungufu wa dodoso langu. Nimekuja kutafuta nani anatawala. Ilinipasa niulize wanafanyaje ili asipatikane wa kuwatawala.

Nimempelekea msimamizi wangu ujumbe kwa simu, nikisimama juu ya mwamba penye mtandao. Amejibu: "Sawa, lakini mfadhili anataka jedwali la miundo ya uongozi."

4 Julai

Jedwali halijaanza. Badala yake tumefanya kazi ya ramani, ambayo angalau inaeleweka: njia za asali, miti ya ubuyu, mipaka ya eneo lenye hati, na sehemu za maji. Maji yanapatikana mchangani kwa kuchimba, na kwenye mashimo ya miamba yanayoshika mvua. Tumepata vituo 17 kwa kifaa cha GPS. Kazi safi. Itakuwa Kiambatisho cha 3.

11 Julai

Mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuingia. Ndicho chombo cha juu kabisa kijijini. Mwalimu Nyerere angekuwapo angefurahi: watu chini ya mti, mwenyekiti mezani, daftari la mihtasari limefunguliwa.

Nimekaa nyuma na kuhesabu. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa mwanzoni: watu 61, wengine kwa saini, wengine kwa dole gumba. Agenda zilikuwa tano. Ya tatu ndiyo iliyowaleta wengi: mifugo kutoka nje kuingia eneo la Wahadzabe wakati wa kiangazi. Ng'ombe wakiingia nyasi zinakwisha, wanyama pori wanahama, maji yanakuwa tope.

Agenda ya kwanza, hotuba. Ya pili, michango ya ujenzi. Mzee mmoja Mhadzabe akanyanyuka, akachukua upinde wake uliokuwa umeegeshwa mtini, akaenda zake. Hakukasirika. Kisha akina mama wawili na watoto wao. Kisha vijana. Tulipofika agenda ya tatu nilihesabu tena: 23, na karibu wote Wadatoga na Wairaqw, majirani wafugaji na wakulima, watu waliozoea mabaraza na wanaojua kwamba mkutano hushindwa na mwenye makalio magumu. Waliongea vizuri, kwa zamu, kwa methali. Mhadzabe mmoja aliyebaki hakusema kitu. Ikapendekezwa mifugo iruhusiwe "kwa muda, kwa kufuata utaratibu". Mtendaji akaandika. Niliomba kuona baadaye: "Wajumbe 61 waliafiki kwa kauli moja."

Mtendaji si mtu mbaya. Alikuwa na wajumbe 61 kwenye karatasi na hakuna mkono wa kupinga. Afanyeje? Fomu haina mstari wa walioondoka.

Jioni nilimuuliza yule mzee wa upinde kwa nini aliondoka kabla ya jambo lake kufika. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nilikataa," akasema.

12 Julai

Nililala na hasira, nikaamka nimeandika kurasa nne za kuishutumu karatasi: muhtasari, mahudhurio, muhuri, kwamba dola inatambua kujitawala pale tu kunapofanana na dola yenyewe. Ni kurasa nzuri. Nikamsomea mama mmoja wa makamo aliyekuwa akitwanga mbegu za ubuyu. Yeye aliwahi kukaa halmashauri ya kijiji, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanafunzi wangu.

Alitwanga hadi nikamaliza. Kisha: "Wewe karatasi unaidharau kwa sababu unazo nyingi."

Akanikumbusha mambo ambayo nilikuwa nayo kwenye andiko langu mwenyewe, ila yakitoka kwake yalikuwa na sura nyingine. Kwamba mwaka 1964 na 1965 serikali iliwaleta watu Yaeda Chini wakae kijijini walime, wengi wakaugua, wengine wakafa, waliobaki wakarudi porini. Kuhama kulitosha siku hizo, maana pori lilikuwapo. Kwamba mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka nje ilipewa ruhusa ya kuwinda kwenye ardhi yao, na safari hiyo hapakuwa na pa kuhamia: upande huu mashamba, upande huu ng'ombe, huku Mang'ola vitunguu. Kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajitoa. Kwamba hati ya 2011 haikushuka kama mvua. Ilibidi kijiji kiwe na cheti cha ardhi, mipaka ipimwe na kukubaliwa na majirani, mpango wa matumizi ya ardhi upite, sheria ndogo zithibitishwe wilayani. Kila hatua, mkutano. Kila mkutano, muhtasari.

"Tulikaa," akasema. "Tulichoka, lakini tulikaa. Mwenye ng'ombe akija, hamwogopi mzee. Anaogopa muhuri."

Nimefuta kurasa tatu kati ya nne. Ya nne nimeibakiza kwa ubishi tu.

13 Julai

Sola imeharibika. Nimeandika kwa mkono.

17 Julai

Bado naliwaza neno la yule mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ni ya ajabu kidogo ukiisoma ukiwa bondeni. Inatambua mila kama chanzo cha haki ya ardhi, sawa kabisa na hati ya mjini. Lakini mila yenyewe lazima ipite mikononi mwa halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na mgogoro uende kwa baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, angalau watatu wanawake. Kwa Wamasai jambo hili lina mahali pa kushika: wapo laigwanan, yaani viongozi wa kimila, yapo marika, kuna mtu wa kuitwa. Kwa Mhadzabe mila ni kwamba hakuna wa kuitwa. Ili mila hiyo ilindwe, ni lazima kwanza aitwe mtu.

Nao wanamwita. Nimeona namna wanavyofanya, na inafurahisha. Mjumbe wao wa halmashauri ni kijana mwenye pikipiki. Akirudi kutoka mkutanoni hapewi kiti cha pekee wala hasikilizwi kwa makini. Wanamtania. Jana alianza kusema "tumeagiza kwamba..." na bibi mmoja akaigiza sauti yake hadi kambi nzima ikaanguka kicheko. Akarudia sentensi upya: "Wanasema kwamba..." Hapo akasikilizwa.

22 Julai

Hakuna mahojiano. Kesho pia sitegemei.

24 Julai

Siku ya nne. Watu wapo, salamu zipo, lakini kila niliyepanga naye amekwenda kuchimba mizizi, au anaumwa kichwa, au atakuja kesho. Yule mama wa ubuyu ametutumia asali kwa mtoto, yeye hakuja. Msaidizi anadhani ni suala la posho. Nimeongeza posho.

25 Julai

Kambi imehama. Tumeamka vibanda vitano kati ya saba ni vitupu. Mkalimani anasema wamesogea upande wa miamba, saa mbili kwa miguu. Nikauliza kama tunaweza kuwafuata. Akasema, "Unaweza." Nimekaa nao sasa mwezi na zaidi, najua "unaweza" hiyo inavyotamkwa.

27 Julai

Nimemuuliza mkalimani moja kwa moja, baada ya chai, tukiwa wawili. Alichora mchanga na kijiti kwa muda.

"Ni yale maji, mwalimu."

Ile ramani. Vituo 17. Tulizunguka tukiweka alama kila shimo la mwamba na kila mahali pa kuchimba, tukishukuru na kuendelea. Hakuna aliyetukataza. Baadhi ya sehemu hizo hata wafugaji wa jirani hawazijui, na ndizo zinazobakiza maji Oktoba, ng'ombe wakishamaliza mengine. Fomu ya ridhaa ilikuwa imesainiwa, kila kitu kipo, dole gumba 14 kwenye faili la bluu. Mwenyekiti alikubali. Mtendaji aligonga muhuri.

"Mbona hawakuniambia?"

"Wamekuambia," akasema. "Siku tano."

28 Julai

Nimetembea hadi kwenye miamba na kifaa cha GPS mkononi. Nilimkuta yule mzee wa upinde na wengine wachache. Nilisema kwamba vituo vya maji navifuta, nikavifuta pale, kimoja kimoja, mkalimani akisoma namba kwa sauti. Kifaa kile kinauliza "una uhakika?" kila mara, basi ilichukua muda. Ilipofika cha kumi na mbili watu walianza kucheka kila kinapouliza, wakawa wanajibu kwa pamoja kabla yangu.

Nakala ya kompyuta nimeifuta jioni, na ile niliyomtumia msimamizi nimemwomba aifute pia.

Hakuna aliyesema asante, wala samahani, wala kwamba yamekwisha. Mtu alisogeza kiko cha jiwe kuelekea upande wangu. Mimi sivuti, nikakipitisha.

29 Julai

Mahojiano matatu.

9 Agosti

Mambo ya fedha, kwa haraka. Bonde hili limo kwenye mradi wa kaboni tangu mwanzoni mwa muongo uliopita: msitu usikatwe, hewa ukaa iliyookolewa iuzwe nje, mapato yarudi kwa wanakijiji, na walinzi wa doria wengi wao wawe watu wa hapahapa. Nimewasikia watu wakitaja fedha hizo kwa matibabu na karo za shule. Nilitegemea fedha ndizo zingezaa wakubwa, maana fedha za pamoja zinahitaji mtia saini. Dalili zipo: vijana wanaosoma ndio wanaojua salio, na wazee wanaanza kuwauliza. Hili linahitaji mwaka mzima, si mwezi. Nimeliweka kwenye andiko la awamu ya pili.

21 Agosti

Barua ya pingamizi kuhusu mifugo imeandikwa. Si mimi niliyeiandika, niseme hilo mapema. Yule mama wa ubuyu na kijana wa pikipiki waliomba kalamu na karatasi ya mistari. Mjadala ulikuwa ni nani asaini. Hakuna aliyetaka jina lake liwe la kwanza. Mwishowe walichora duara katikati ya karatasi, wakaweka dole gumba kulizunguka pande zote, hata mtendaji alipoipokea aliigeuza mara mbili akitafuta inaanzia wapi. Kisha akagonga muhuri wa "imepokelewa" katikati ya duara, mahali pekee palipokuwa wazi.

Inasubiri mkutano mkuu wa Oktoba.

30 Septemba, Dar es Salaam

Ripoti ya awamu ya kwanza imekwenda. Swali la 7 limeondolewa, maswali yamebaki 33. Jedwali la miundo ya uongozi limejazwa kwa ngazi za kisheria tu: kitongoji, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu. Chini yake nimeandika aya mbili kuhusu kuhama, kutaniana na lukuchuko, na nimeomba zisikatwe.

Mfadhili amejibu leo mchana. Anapongeza. Anauliza kuhusu Kiambatisho cha 3, maana kwenye orodha ya yaliyomo kinatoka cha 2 kwenda cha 4, na kwenye andiko la awali tuliahidi ramani ya rasilimali za maji. Nimemjibu kwamba jamii imekataa. Ameomba nimtumie muhtasari wa kikao kilichokataa, wenye mahudhurio na saini.